Pipa la Bi Kubiak

Signe Torvik aliamka kabla ya jua, kama alivyozoea, kisha akakumbuka kwamba hakuna ng'ombe wa kukamua. Akabaki kitandani akitazama dari. Tangu siku malori yalipokuja shambani kwao kuwachukua ng'ombe wote waliouzwa, msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa amekufa ganzi moyoni. Hakulia siku ile wala baadaye. Chakula alikula, shule alikwenda, ila hapakuwa na kilichomchoma wala kumfurahisha.

Sasa yeye na baba yake waliishi Cedar Glen, pembezoni mwa mji mmoja wa Wisconsin, ambako nyumba zilifanana kama mayai ya trei moja. Kulikuwa na Chama cha Wenye Nyumba, na chama kilikuwa na sheria ya kila kitu: urefu wa majani, rangi ya mlango, hata siku ya kushusha taa za Krismasi. Kule shamba, baba yake alipaka banda rangi yoyote iliyokuwa rahisi dukani, na hakuna aliyemuuliza. Hapa hawakumaliza hata miezi miwili kabla ya kupata onyo. Gari lao la kubebea ng'ombe halikuruhusiwa kuegeshwa mbele ya nyumba. Kuna jirani alikuwa amelalamika, na jina lake halikutajwa. Baba aliliuza gari lile, akarudi kwa miguu, akanawa mikono na kukaanga mayai.

"Ni yule bibi wa ng'ambo ya barabara," Brynn alimwambia ndani ya basi la shule. Brynn alizaliwa mtaani hapo na alijua siri za kila nyumba, au alijidai kuzijua. "Bi Kubiak. Kutwa yuko dirishani. Umbea ndiyo kazi yake."

"Potelea mbali," Signe alisema.

"Potelea mbali nini? Mlipizie. Akikosea tu, piga picha, itume kwa chama. Hawasemi nani katuma. Mama yangu hutuma kila wiki."

"Kila wiki? Kwani anatafuta nini?"

"Anapenda mtaa nadhifu, bwana."

Taka zilikuwa zikizolewa kila Jumatatu, na sheria ilitaka kila pipa lirudishwe ndani jioni ileile. Jumanne asubuhi, pipa la Bi Kubiak lilikuwa bado limesimama ukingoni mwa barabara, tupu, mfuniko wazi. Signe alitoa simu, akapiga picha, akatuma. Alingoja aonje utamu wa kulipiza kisasi. Hakuonja chochote, akapanda basi.

Jumatano alasiri alikuta karatasi ya onyo imebandikwa kwenye mlango wa Bi Kubiak, imelowa mvua. Pipa lilikuwa palepale. Bibi hakuwapo dirishani. Alikuwapo paka wake tu, akilia na kukwaruza kioo.

Signe alisimama. Alimkumbuka mzee Haugen, jirani yao wa shamba, aliyeishi mbali kiasi kwamba kwao walikuwa wakiona moshi wa nyumba yake tu. Asubuhi moja ya theluji moshi haukuonekana. Baba aliwaacha ng'ombe bila kuwakamua, akavaa buti, akaenda. Alimkuta mzee ana homa ya mapafu, hajiwezi. Mzee alipona kwa sababu mtu alikwenda.

Lakini akibisha, Bi Kubiak angemuuliza habari za karatasi ile. Asipobisha, hakuna ambaye angejua kitu. Miguu ilimwambia aende nyumbani, na kwa dakika nzima nusura aitii. Halafu akavuka barabara.

"Hodi, Bi Kubiak."

Kimya. Akabisha tena kwa nguvu. Ndipo akasikia kwa mbali kitu kikigongwa sakafuni, polepole. Alizunguka nyuma, akachungulia jikoni. Bi Kubiak alikuwa amelala sakafuni, kijiko mkononi, mguu mmoja umepinda vibaya. Mlango ulikuwa umefungwa. Signe alipiga namba ya dharura, kisha akamwita baba yake, akabaki pale dirishani akisema na bibi mpaka waokoaji walipofika na kuvunja mlango.

Bi Kubiak alikuwa ameteleza Jumatatu mchana na kuvunjika nyonga. Alikuwa akinywa maji ya bakuli la paka. Daktari alisema kwamba usiku mmoja zaidi ungemmaliza.

Jumamosi Signe na baba yake walikwenda kumjulia hali hospitalini.

"Huyu ndiye aliyeniokoa," bibi alisema, akamshika mkono.

Signe aliutoa mkono wake. "Bi Kubiak, ile karatasi mlangoni kwako, ni mimi niliyekushtaki. Niliona pipa Jumanne. Nilipiga picha nikaenda zangu. Nilidhani wewe ndiye uliyelishtaki gari letu."

Baba alimgeukia binti yake, asiamini. Bibi alivutavuta shuka.

"Hukukosea," alisema mwishowe. "Ni mimi. Lilinizuia kuona barabara, na tangu mume wangu afariki, kutazama wapita njia ndiko kunakonichangamsha. Ningeweza kuvuka nikuombe ulisogeze, Bwana Torvik. Niliona haya. Nikaona kutuma malalamiko ni rahisi."

"Ningelisogeza," baba alisema.

"Sasa najua."

Hapo Signe alianza kulia. Alimlilia bibi aliyelala sakafuni siku mbili, akalilia gari, akawalilia ng'ombe wote. Ilimuuma kweli, na hakujaribu kuyazuia machozi.

Baba alimngoja anyamaze, ndipo akasema taratibu, "Sheria za mtaa si adui yetu, mwanangu. Bila sheria ile, usingejua kwamba pipa likibaki nje kuna kasoro. Sheria ilikuonyesha pipa. Kumtazama mwenye pipa ilikuwa kazi yako, na yangu pia, maana nililipita pipa hilohilo kila nilipokwenda kazini. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na chama kiko mbali. Sisi tuko ng'ambo ya barabara tu. Umesema kweli leo ilhali ungeweza kunyamaza, na nimefurahi. Ila ukiona jambo kwa jirani, kabishe hodi kwanza. Na siku uliyomkasirikia, ndiyo siku ya kubisha mapema zaidi."