Ufa wa Subana

Jioni ile Delma alikuwa anampelekea Leona, binti wa mdogo wake, mchuzi wa nyama ya sili, na hakufika. Alikwenda mpaka kwenye tangi la mafuta, hatua hamsini kutoka mlangoni, akasikia kitoto kinalia. Kilikuwa kinalia tangu ndege ndogo ilipomshusha Leona nacho kutoka hospitali ya bara, siku ya nane sasa, kilio chembamba kisichopanda wala kushuka. Delma akasimama na sufuria yake mkononi. Halafu akageuka, akashika njia ya ufukweni kama mtu aliyekumbuka jambo.

Hakukumbuka jambo lolote. Alikuwa anakimbia.

Sivuqaq, kisiwa cha Alaska ambako siku ya mwanga mzuri unaiona milima ya Urusi, mtoto hapewi jina jipya. Anapewa la marehemu, na marehemu anarudi kukaa kidogo na watu wake. Ndiyo maana Shangazi Wiya, mwenye miaka themanini na meno matatu, alimwita Leona, aliyepewa jina la mama yake, "mama", na Leona, mwenye ishirini na minne, alimjibu bila kucheka, "Kaa chini mwanangu, unywe chai." Mtoto anayelia namna ile analilia jina lake. Nesi wa zahanati alisema ni tumbo. Alisema pia kwamba kitoto kinapungua uzito kila siku, na kwa hilo hakuwa na dawa.

Jina lililokuwa likisubiriwa ni Ayuki. Na Ayuki alikuwa binti wa Delma, mtoto wake wa pekee.

Miaka miwili nyuma barafu ya baharini ilikatika na Ayuki akiwa juu yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Hawakumpata. Siku ya tano watu wakaja kuchukua vitu vyake, wavivunje na kuviacha mlimani, maana kitu kizima hakivuki. Kikivunjwa huku, mwenyewe anakipokea kizima kule, na hana tena sababu ya kurudi kukitafuta. Delma aliwafungia mlango. Aliwauliza kupitia dirishani, nivunje vitu vya nani? Nani amemwona amekufa? Leona alipokuja na mimba yake kuliomba jina, alipata jibu lilelile, ila kwa upole. Jina la mtu aliye safarini haligawiwi.

Basi akaenda zake shimoni, sufuria ameiacha juu ya jiwe.

Shimo lake lilikuwa kwenye vilima vya mabaki ya kijiji cha kale, nje kidogo ya nyumba za sasa. Ardhi pale imeganda tangu enzi, na huichimbi, unaisubiri. Jua la kiangazi linayeyusha upana wa vidole viwili kwa siku, unakwangua vidole viwili, unafunga kazi, unarudi kesho. Humo hutoka meno ya walrasi, mnyama wa baharini mwenye meno marefu kama pembe za ndovu, ambayo wazee wa wazee waliyaacha, na udongo umeyatia rangi kwa karne nyingi: asali, chai kavu, bluu ya ngozi iliyopigwa. Delma aliyachonga vibweta vya sindano, subana za kukinga kidole cha mshonaji, misharasi ya kutobolea ngozi, na herini. Wageni wa melini walipenda kuambiwa kwamba kila kipande kina roho. Yeye aliwaambia kina saa tisa za kazi na vumbi la kutosha kwenye mapafu. Walinunua hivyohivyo, wakisikitika kidogo.

Mwanga ulikuwa unakwisha. Akapiga magoti. Harufu ikampokea, ile ya mafuta ya nyangumi yaliyochacha kabla hajazaliwa babu wa babu yake, inayoamka kila udongo unapoyeyuka. Aliizoea. Akapitisha kidole chini ya mfupa wa ubavu wa nyangumi ambao hakuna mkono uliowahi kuugusa, akahisi kitu cha mviringo.

Subana.

Ilikuwa imepasuliwa vipande viwili kwa pigo moja safi, rangi yake chai kavu. Akaifuta kwa kidole gumba. Alama ya fundi ilikuwepo: vitone vitatu katika mstari.

Na cha nne, kimekwenda upande.

Vitone vitatu ni alama ya Delma. Cha nne kilikuwa kosa, keekee ya kutobolea iliteleza siku alipomchongea Ayuki subana yake ya kwanza, mtoto ana miaka kumi na miwili. Alitaka kuitupa. Ayuki akaing'ang'ania. Alisema hiyo ndiyo yake, ataijua hata gizani. Ilichongwa kwenye jino bichi la walrasi, jeupe kama maziwa. Siku barafu ilipokatika ilikuwa mfukoni mwake.

Delma alikuwa fundi wa miaka thelathini. Alijua rangi ile inachukua muda gani kuingia. Alijua pia udongo uliokwisha kuchimbwa na ambao haujachimbwa.

Akavitia vipande mdomoni, ndani ya shavu, visipate baridi. Akarudi nyumbani.

Kitu kilichovunjwa namna ile kinarudishwa kilipotoka, hata wachimbaji walevi wanajua. Delma alijua kuliko wao. Lakini mikono yake ilikuwa mikono ya kurekebisha. Akawasha taa, akasaga vumbi la pembe kwa msasa, akalichanganya na gundi, akapaka, akabana kwenye jiliwa dogo kwa vitambaa. Alifanya kazi nzuri. Ukipitisha ukucha huuhisi ufa.

Shangazi Wiya akaingia bila kubisha, kama kawaida yake, kutafuta chai na umbea. Aliiona kabla ya kuketi.

"Umeitoa wapi?"

"Shimoni."

"Ilikuwa nzima?" Delma akakaza jiliwa. "Nauliza, ilikuwa nzima? Au unadhani macho yangu yamefuata meno yangu?"

"Vipande viwili, shangazi."

Kikongwe akaitazama muda mrefu, asiiguse. "Basi kuna mtu kule chini alimfanyia mwanao ulichokataa kumfanyia wewe. Alimpokea. Alimpa kitu chake. Na wewe umekwenda kumnyang'anya."

"Ni yangu. Niliichonga mimi."

"Ulimpa."

Akamwambia aivunje kabla gundi haijakauka. Delma akasema sawa. Wiya akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Delma hakuivunja. Alilala nayo kiganjani.

Kesho yake ukungu ukashuka mapema. Alasiri tu taa zikawa zimewashwa. Delma alikaa kwenye meza ya kazi na kibweta cha sindano cha Ayuki, na subana pembeni yake, seti imekamilika kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Kilio cha kitoto kilipita ukungu kama uzi. Alikizoea hadi akawa hakisikii.

Halafu akasikia hatua.

Kijiji kizima kimekaa juu ya kokoto za duara, na hakuna mtu anayeweza kutembea pale kimyakimya. Kruu... kruu... Hatua za mtu mwepesi. Zilitoka upande wa bahari, ambako hakuna nyumba. Zikaja polepole, zikisimama, zikianza tena, kama mtu asiye na hakika ya njia.

Mlango wa nje ukafunguka.

Kati ya mlango wa nje na wa ndani kulikuwa na chumba kisichopashwa moto, mahali pa kuvulia viatu. Delma alisikia maji yanadondoka humo. Tone. Tone. Harufu ikapenya chini ya mlango. Mafuta ya kale.

"Mama."

Sauti ilikuwa ndogo. Ilikuwa ileile.

Delma akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Akafika mlangoni, akaweka kiganja juu ya mbao. Zilikuwa baridi hadi zinauma.

"Ayuki. Ingia, mwanangu. Ingia kwenye moto."

"Mama, umeniita?"

"Ingia."

"Nilikuwa nashona." Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeamshwa katikati ya usingizi mzuri. "Tumekaa wengi. Wamenipa mahali karibu na taa. Subana ikanitoka kidoleni... nikashona tu bila hiyo. Tazama."

Pale chini, mlango ulipochakaa, palikuwa na nafasi ya kupita mkono. Vidole vikapita, vyeupe, vimelegea. Delma akapiga magoti. Ncha ya kidole cha kati ilikuwa imetobolewa. Matundu madogo, kwa makumi, yamepangana vizuri kama mshono.

"Sindano inaingia," ile sauti ikanong'ona. "Damu haitoki."

Delma akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akauwekea shavu. Hakuogopa. Watu wakimuuliza husema aliogopa, kwa kuwa ndilo jibu wanalolitaka. Alikuwa amemshika mwanawe. Alikuwa tayari kufungua mlango, na kama kilichokuwa nyuma yake kingeingia nyumbani kikiwa vyovyote vile, angekipikia.

"Nikiingia sitatoka tena, Mama. Unataka niingie?"

Mkono wake mwingine tayari ulikuwa kwenye komeo.

Ndipo akagundua kwamba kijiji kimenyamaza.

Kitoto hakilii.

Kilikuwa hakijanyamaza siku tisa. Sasa, upande wa nyumba ya Leona, palikuwa kimya kabisa, halafu ikasikika sauti ya Leona, haikuwa kilio, ilikuwa jina la Mungu, mara moja, halafu tena, ikipanda.

Mtu mmoja hakai mahali pawili. Hilo halikuhitaji kuelezwa na Wiya.

"Unamshonea nani?" Delma akauliza, ili tu avute muda, ili aendelee kuushika ule mkono.

"Mtoto," ikajibu. "Sijamaliza."

Akaubusu mkono. Akauachia. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa mikono yake iliyokuwa ngumu kuliko kufungua vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Akaenda mezani, akaweka subana juu ya chuma cha jiliwa, akachukua nyundo. Mara ya kwanza ilikataa. Gundi yake ilikuwa na nguvu kuliko pembe. Akapiga tena, huku anaongea, anamwambia nenda mama, nenda ukashone, nenda ukae karibu na taa. Mara ya tatu ikapasuka, si pale ilipounganishwa, bali mahali papya, katikati ya kile kitone cha nne.

Hatua hazikusikika zikiondoka. Matone tu yalikoma.

Delma alikimbia hadi kwa Leona bila koti, vipande mkononi. Leona alikuwa sakafuni, kitoto mapajani, kina midomo ya bluu, nesi anakipulizia pumzi. Delma akainama sikioni mwa kitoto, akaliweka lile jina humo. Alilitamka mara moja.

Kikavuta hewa. Kikatafuta ziwa.

Nesi aliandika kwamba kilipaliwa. Labda. Wiya naye alipoulizwa kuhusu subana alisema baridi hupasua ardhi, kitu hudondoka ndani ya ufa kikaenda mbali. Alisema hivyo mbele ya watu. Juma lile Delma alipanda mlimani na vitu vyote vya binti yake, kibweta, msharasi, hata mswaki, akavivunja kimoja kimoja kwa jiwe. Ilimchukua mchana mzima. Hakuruhusu mtu amsaidie.

Kiangazi kilichofuata akarudi shimoni, maana kazi ni kazi. Siku ya kumi, chini ya ubavu uleule, alitoa kiatu.

Kiatu cha mtoto, ngozi ya sili, imekuwa nyeusi kwa uzee, uzi wa kano. Aliugeuza mshono kwenye mwanga. Kila baada ya mishono saba mkono umerudi nyuma mara moja, kwa kukaza. Hakuna anayeshona hivyo kisiwani ila Delma, na mtu mmoja aliyefundishwa naye.

Kilikuwa kizima. Hakuna aliyekikata. Na kilikuwa cha mguu mmoja tu, wa kulia.

Alikipeleka kwa Wiya chini ya koti. Kikongwe akakipima kwa kiganja chake.

"Usimvalishe. Cha kule kinavaliwa kule."

"Mtoto ameshapewa jina, shangazi. Ayuki yuko ndani yake, tunamwona, anacheka kama yeye. Basi ni nani anayeshona?"

Wiya akanywa chai yake hadi mwisho. Kisha akauliza mtoto ana umri gani. Delma akasema karibu mwaka. Wiya akakitazama tena kile kiatu.

"Hiki ni cha miaka minne," akasema.

Delma alirudi shimoni, akakaa ukingoni, akakifumua. Alitumia sindano, hakutaka kutumia kisu. Kilikuwa kitu pekee ambacho binti yake alikitengeneza tangu alipoondoka, na kilikuwa kimeshonwa vizuri, vizuri kuliko yeye mwenyewe alivyowahi kushona, na alitaka kuupitia kila mshono. Alipomaliza akavirudisha vipande vya ngozi chini ya ubavu, akafukia. Hajachimba pale tena. Anachonga pembe za kununua kwa wengine.

Ayuki mdogo sasa ana miaka mitatu na nusu. Anamwita Delma "mama", na anamwita Leona aliyemzaa kwa jina tu, na hakuna anayeona ajabu. Ana afya, ana kelele, anachukia soksi. Ila ukungu unaposhuka mapema, mara nyingine huacha kucheza. Anageukia mlango. Delma husikiliza pamoja naye, pumzi ameibana, na kule nje kwenye kokoto hakuna kitu, au karibu hakuna.

Na mtoto, bila kuambiwa, huinua mguu wa kushoto na kuunyoosha mbele, akatulia nao hewani, kama anayepimwa kiatu.