Kompyuta ya Banda la Siti

Siti ana banda la gemu karibu na soko la Kilwa Masoko. Vijana wa bodaboda wakikosa abiria, huingia kucheza mpira kwenye kompyuta. Siku hizi wanaingia wachache.

"Siti, kipa wako amelala tena," alisema Yunusu, dereva wa bodaboda. Picha ilikuwa imeganda. Mshambuliaji alikuwa ameinua mguu, na mguu ulibaki juu.

"Subiri kidogo, ataamka."

"Akiamka, abiria wangu atakuwa amefika Nangurukuru kwa miguu."

Yunusu akaondoka. Akaenda banda jingine, kule stendi.

Baba yake Siti, mzee Shamte, alikuwa ameuza korosho. Alimwahidi binti yake kompyuta nyingine. Lakini korosho zina msimu wake. Wangekosea kununua, banda lingefungwa hadi msimu ujao.

Dukani walikuta kompyuta mpakato mbili, bei ile ile. Moja iling'aa, na vitufe vyake viliwaka taa nyekundu. Ya pili ilikuwa nyeusi, imechubuka pembeni. Muuzaji akawasha filamu kwenye ile ya taa. Filamu ilikwenda vizuri.

"Tuchukue hii," alisema mzee Shamte.

"Baba, tumwite kwanza dada Tekla."

Tekla ni jirani yao, fundi wa simu na kompyuta. Alifika baada ya muda mfupi.

"Shikamoo, mzee Shamte."

"Marahaba, mwanangu. Tuangalizie. Mimi naona hii ya taa ndiyo yenyewe."

Tekla akafungua ukurasa unaoonyesha vifaa vya ndani, kwanza kwenye moja, kisha kwenye nyingine.

"Hii ya taa, prosesa yake ina kori mbili. Ile nyeusi ina kori nne."

"Kori ndiyo nini?"

"Prosesa ndiyo inayofanya kazi za kompyuta, mzee. Kori ni kama wafanyakazi wake. Nyumbani mkikaanga korosho, mnakuwa wangapi?"

"Wanne. Mmoja anakoroga motoni, mmoja anazizima mchangani, mmoja anabangua, mmoja anamenya."

"Na mkiwa wawili?"

Mzee Shamte akacheka. "Ukigeuka kubangua, za motoni zinaungua. Mama Siti ananinunia siku nzima."

"Gemu ni hivyo hivyo. Picha, sauti, wachezaji wa timu pinzani, vyote vinataka kushughulikiwa kwa pamoja. Kori mbili zinazidiwa, picha inaganda. Hata kompyuta ya zamani ya Siti ni ya kori mbili. Filamu ni kazi nyepesi, ndiyo maana haikukwama."

Mzee Shamte alifikiri. "Lakini watu wazima wawili huwashinda watoto wanne."

"Kweli kabisa. Kwa hiyo hatuhesabu kori tu. Prosesa ya zamani sana inaweza kuwa na kori nne na bado ikawa dhaifu. Hii nyeusi ni ya miaka ya karibuni. Kumbukumbu yake inatosha, na ina kadi ya picha, kifaa cha kuchora picha za gemu. Ile ya taa haina. Hata hivyo, msiniamini mimi kwa maneno. Siti, umekuja na gemu lako?"

Siti alikuwa nalo kwenye flashi. Muuzaji akawaruhusu kulijaribu.

Kwenye ile ya taa, mpira ulianza vizuri. Ilipopigwa kona, na wachezaji wote wakajazana golini, picha ikaganda. Kwenye ile nyeusi walicheza mechi nzima. Walipiga kona mara nyingi kwa makusudi. Hakuna kilichokwama.

Mzee Shamte akashusha pumzi. Akaitazama ile inayong'aa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kidogo tu ninunue taa."

Ijumaa baada ya swala, banda la Siti lilijaa. Yunusu naye alirudi. Alipata penalti, akapiga kwa nguvu. Kipa akaruka, akaudaka mpira.

"Kipa wangu ameamka, Yunusu," alisema Siti.

"Nimemwona. Mwambie alale kidogo."