Siri ya Vasiti

Kila Alhamisi, kengele ya mapumziko ikilia, Vasiti alikwenda chumba cha mshauri, nyuma ya maktaba ya shule yao pale Savusavu, mji mdogo wa Fiji. Hakupenda kwenda. Ila mwalimu mkuu alikuwa ameshamwambia wazi kwamba akipiga mtu mara nyingine, hana shule. Bi Losalini, mshauri wa wanafunzi, ndiye aliyepewa kazi ya kumsaidia na hasira zake.

Wiki nne nzima Vasiti alikaa kimya. Wiki ya tano akasema. Baba yake alikwenda Australia kuchuma matunda kwa miezi saba. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na sasa alikuwa na mke mwingine hukohuko.

"Naomba kwa Mungu asirudi," alisema Vasiti. "Usimwambie mtu."

"Simwambii," alijibu Bi Losalini.

Jumatatu, Vasiti akiwa kwenye foleni ya bomba, Apenisa wa darasa lao, ambaye mama yake ni mwalimu hapohapo, alimcheka mbele ya wote. "Eti unamwombea baba yako asirudi! Mama yangu kamsikia Bi Losalini akisimulia kwenye chai ya walimu."

Ngumi ya Vasiti ilikuwa imeshainuka. Akaishusha kwa shida, akakimbia hadi chumba cha mshauri na kuupiga mlango teke.

"Mwongo! Mwongo mkubwa wewe! Nilikuamini!"

Mtoto wa pale hamwambii mtu mzima maneno hayo. Lakini Bi Losalini hakumkaripia. Uso ulimshuka. "Ni kweli, nimesema," alijibu.

"Basi siji tena. Ng'o!"

Na kweli, Alhamisi hakwenda.

Jumamosi asubuhi Bi Losalini alifika nyumbani kwao akiwa na mizizi ya kava, ile ya kutengenezea kinywaji cha heshima, iliyofungwa kwa gazeti. Aliketi chini karibu na mlango, akainamisha kichwa. Bibi yake Vasiti alielewa mara moja, maana ndivyo aombavyo radhi mtu aliyekosa, na wazee ndio huipokea kwa kuigusa, ishara ya kukubali radhi. Akanyoosha mkono aiguse.

"Hapana, mama," alisema Bi Losalini. "Niliyemkosea ni huyu." Akausogeza mzigo hadi miguuni pa Vasiti.

"Makubwa!" Bibi alishangaa. "Kava kwa mtoto?"

"Siri ilikuwa ya mtoto."

Vasiti alirudisha miguu nyuma. "Nisipoigusa?"

"Nitaondoka, na kosa litabaki langu."

"Kwa nini ulisema?"

Bi Losalini aliinua kichwa. "Nilitaka walimu wenzangu wajue kwamba nimeweza kukufanya useme. Nilijisifu kwa machungu yako. Naona aibu, Vasiti."

Vasiti alimkodolea macho. Alikuwa amesubiri visingizio, kama vile vya kila simu kutoka Australia: mara kazi imeongezwa, mara nauli imepanda. Ghafla akapiga kelele.

"Mbona baba hasemi hivyo? Hata siku moja! Sitaki asirudi! Nataka aje aketi chini hapo ulipoketi, aseme amekosa!"

Akaangua kilio. Alilia mpaka kwikwi zikamshika, wala hakuna aliyemnyamazisha. Kisha akainama na kuigusa kava.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Kasirika. Una haki."

Jumatatu Bi Losalini alisimama mbele ya walimu wote wakati wa chai, akakiri kosa lake. Apenisa naye, baada ya mama yake kumsema vikali, alikuja kuomba msamaha. Vasiti hakumjibu, lakini hakumpiga, na Alhamisi alirudi kwa mshauri. Muhula ulipokwisha, alikuwa bado darasani.

"Nilidhani wewe hukosei," alimwambia Bi Losalini siku ya mwisho.

"Ningengoja niwe mtu asiyekosea, nisingemsaidia mtoto hata mmoja. Hasira yako ina sababu, mwanangu. Iseme kwa mdomo, usiiseme kwa ngumi. Na siku utakayomkosea mtu, hata awe mdogo wako, mwendee wewe mwenyewe ukamwambie ulichofanya, bila kisingizio. Baba yako hajaweza. Wewe utaweza."