Minyoo wa Ghorofa ya Tatu

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya tarehe kumi na nane Oktoba, Phanice Shiundu alipiga magoti kando ya kitanda cha mtoto, ghorofa ya tatu, mtaa wa Gatina, akamulika shuka kwa tochi ya simu. Walikuwa watatu. Weupe, wembamba kama uzi wa kushonea, na mmoja alikuwa bado anajipindapinda kama mlevi anayetafuta kiatu chake.

"Wako hai," akasema.

"Mara ya tatu, Daktari," Trizah, mama wa mtoto, alijibu kutoka mlangoni, mikono kifuani. "Celine amejikuna mpaka asubuhi. Dawa tumemeza, shuka tumechemsha, kucha tumekata. Na bado."

Phanice hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mwenye mkoba wa buluu na viatu vilivyolika upande mmoja. Lakini Gatina yote ilimwita Daktari, na alichoka kuwasahihisha siku aliyozalisha mama mmoja kwenye ngazi, huku mwenye ploti akilalamika kwamba saruji yake ni mpya.

Kwenye korido alisimama Kathini, msichana wa kazi, aliyekuwa na watoto wawili kwake Gatwekera, Kibera, na bado aliitwa msichana. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa nailoni, umefungwa tayari.

"Huyu anaenda leo," Trizah akasema. "Saa sita kuna mwingine anakuja. Minyoo inatoka kwake huko Kibera, inatembea naye kila asubuhi mpaka kwangu."

"Una ushahidi?"

Trizah akamwonyesha simu. Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili alikuwa ameandika kwenye grupu ya ploti, yenye wapangaji wa nyumba arobaini na moja na wanaowahudumia: *Mliochukua wasichana kutoka Gatwekera chungeni watoto. Wangu amejaa minyoo.*

"Mama Ian wa chini ameshaniambia nisirudi kufua kwake," Kathini akasema polepole. "Na yule wa ghorofa ya pili pia. Daktari, nikitoka hapa na hilo jina, hakuna mlango utanifungukia tena."

Phanice akaangalia saa. "Mama Celine, nipe mpaka saa sita. Nisipompata mwenyewe, mimi ndiye nitambebea mfuko mpaka barabarani."

Hesabu yake ilikuwa fupi. Minyoo wa aina hii hawatoki kwenye matope wala mtoni. Wanatoka kwa mtu. Wakati watu wamelala, jike hutoka nje kutaga. Mtu akijikuna, mayai huingia kwenye kucha, kucha zinagusa chapati, chapati inaingia mdomoni, na ukoo unaendelea. Ndiyo maana nyumba nzima humeza dawa siku moja, halafu hurudia baada ya wiki mbili. Phanice alileta vidonge mwenyewe, tarehe sita na tarehe ishirini Septemba, na mara zote mbili alikusanya pakiti tano tupu: ya Omolo baba wa nyumba, ya Trizah, ya Tonny mdogo wake Omolo anayelala sebuleni, ya Celine, na ya Kathini. Watoto wa Kathini alikuwa amewapelekea zao Gatwekera.

Pakiti zote tupu, na minyoo wapo. Basi kuna mtu alifungua asimeze.

Saa moja na nusu alimkuta Tonny kwenye stage ya boda boda, amelalia pikipiki yake.

"Niaje, Daktari. Nani anaumwa?"

"Wewe, labda. Tarehe ishirini ulikuja na pakiti tupu. Sikukuona ukimeza."

Tonny akakaa wima. "Nilimezea hapa. Waulize hawa."

"Anaitwa Minyoo tangu hiyo siku," mwendesha boda mmoja akadakia. "Hata wateja wanapiga simu, *nipee Minyoo anipeleke Kawangware*."

"Na alitafuna vizuri?"

"Daktari, alifungua mdomo tukakagua kama meno ya punda."

Phanice alitaka kucheka, akakumbuka saa. Mmoja ameondoka kwenye orodha.

Saa tatu kasoro alikuwa kwenye banda la kuchomelea vyuma la Omolo. Huyu ndiye alimshuku zaidi. Omolo alikuwa mtu wa kuchomwa na cheche asilie, lakini kidonge kilimtoa jasho.

"Nilimeza mbele yako," Omolo akasema, akivua miwani ya kuchomelea. "Ulinishika kidevu."

"Nilikushika. Uliporudi nyumbani, ulitapika?"

"Ningetapika, ungesikia mpaka kwako." Akapuliza vumbi kwenye miwani. "Daktari, huyo Kathini asiende. Mwaka jana mama Celine alipolazwa, ni yeye alilala sakafuni hospitali. Lakini siku hizi mama Celine haambiliki. Hata omena, hao dagaa wa kwao, amekataa kabisa ndani ya nyumba, na yeye alizaliwa ziwani."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nane hivi."

Phanice akaandika kwenye kitabu chake: *omena*. Hakujua bado kwa nini.

Saa nne na dakika ishirini alikuwa amerudi ghorofani. Kathini alikuwa ameinama kwenye karai, anafua kana kwamba hafukuzwi.

"Watoto wako wanajikuna?"

"Hapana. Wiki iliyopita uliwabandika selotepu ya kunasa mayai asubuhi kabla hawajaoga, ukapeleka maabara. Ulisema hakuna kitu."

"Nilisema. Na wewe ulimeza mbele yangu mara zote mbili." Phanice akashusha sauti. "Kathini, wewe unajua hii nyumba kuliko mwenyewe. Kuna kitu hapa kimebadilika?"

Mikono ya Kathini ikasimama ndani ya povu. "Mimi hufua tu, Daktari," akasema, akaendelea kusugua pale pale palipokuwa safi.

Huyo anajua, Phanice akawaza, na hasemi. Saa yake ilisema nne na nusu.

Sebuleni cherehani ya Trizah ilikuwa inanguruma. Alishonea watu sare za kwaya, na mezani palitandazwa kitambaa cheupe chenye mistari ya buluu ya kukatia. Trizah aliacha kukanyaga, akafuta mdomo kwa kiganja. Kwenye vidole vyake palikuwa na unga, wa kijivu uliofifia.

"Nini hiyo vidoleni?"

"Chaki. Si unaona nashona."

Phanice aliona. Aliona pia kwamba chaki iliyolala mezani ilikuwa ya buluu. Akakaa, akashika kifungo cha koti lake la kazi, akakizungusha mpaka uzi ukakatika, jambo aliloungama baadaye bila aibu yoyote.

"Aki, kimetoka. Nisaidie kingine, mama. Huo mkebe hapo si wa vifungo?"

Akanyoosha mkono. Trizah akauwahi mkebe kabla yake, akaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Nitakutafutia mwenyewe. Utanichanganyia."

Mkebe ulipotikisika ulilia. Vifungo hulia chwa chwa. Huu ulilia kwa uzito, kama kuna mawe ndani. Na hapo, kwa sauti hiyo, Septemba nzima ikamrudia Phanice: Trizah akitoka jikoni mara zote mbili, pakiti tupu mkononi, mdomo unatafuna, *kru, kru, kru*. Yeye Daktari alisikia, akaridhika, akaandika *amemeza*.

Vidonge vile ni laini, hugeuka unga mdomoni. Havilii kru.

Saa tano na dakika hamsini walikuwa wote sebuleni. Omolo alikuja na aproni yake ya ngozi, Tonny akasimama dirishani. Celine alikuwa amepelekwa kucheza kwa jirani. Kathini alikaa ukingoni mwa kiti, mfuko kati ya miguu. Mkebe ulikuwa mapajani kwa Trizah.

"Mmoja wenu hakumeza dawa," Phanice akaanza. "Si mara moja, mara mbili. Tonny alimeza, mashahidi ni stage nzima. Omolo nilimwona, na Celine nilimpa mwenyewe. Kathini nilimwona, na watoto wake ni safi. Hakuna aliyeleta minyoo kutoka Gatwekera. Wamekuwa wakiishi hapa hapa, wakilishwa hapa hapa."

"Unamaanisha mimi," Trizah akasema. Uso ulikuwa umekauka.

"Mtu huyo nilimsikia akitafuna, nikadhani ni dawa. Anasema ana chaki vidoleni, na chaki yake ni ya buluu. Amechukia omena. Sababu yake naijua, na si yangu kuisema."

"Sababu gani?" Omolo akauliza. "Semeni Kiswahili."

Chini kwenye ngazi mlango wa chuma uligonga. Msichana mpya, au upepo.

"Daktari, wacha," Kathini akasema ghafla, akainuka na mfuko wake. "Wacha hivyo. Nitaenda."

Trizah akageuka kumtazama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ulijua?"

"Mimi ndiye hutupa takataka, mama Celine. Tangu mwezi wa nane kuna vitu vya kila mwezi sijatupa."

Trizah akafungua mkebe mwenyewe, akaumimina mezani. Vifungo vikatawanyika, na katikati yake likaanguka gazeti lililokunjwa lenye vipande vya odowa, lile jiwe la udongo ambalo wanawake wenye mimba hutafuna kama karanga. Nyuma yake vikabingirika vidonge viwili, vizima.

Omolo alivitazama vile vidonge, akalitazama lile jiwe, kisha mkewe.

"Miezi mingapi?"

"Mitatu ikifika wiki ijayo." Trizah alijibu, macho kwenye vifungo. "Karatasi ya dawa imeandika mwenye mimba aulize kwanza. Nikaogopa kumeza."

"Ungeniuliza mimi," Phanice akasema.

"Wewe?" Trizah akamgeukia, macho yamejaa. "Mwaka jana ulikuwa wa kwanza kujua. Asubuhi nilikuambia, jioni muuza mandazi akanipongeza. Ploti nzima ilinipongeza. Na mimba ilipotoka ikiwa na miezi minne, ploti nzima ilikuja kunipa pole. Nilikuwa nafunga mlango nikisikia miguu. Hii nilitaka iwe yangu kwanza."

Phanice akafunga kitabu chake cha kumbukumbu, akakiingiza chini kabisa ya mkoba.

"Ni kweli," akasema. "Nilisema. Samahani, Trizah."

"Na mimi kuniandika kwa grupu?" Kathini akauliza. Hakupaza sauti. "Nimekutunzia siri miezi mitatu. Wewe jina langu umelitunza mpaka saa kumi na moja ya leo."

Trizah akachukua simu. Akaandika, akafuta mara mbili. Simu ya Kathini ikalia mfukoni, na ya Phanice, na ya Tonny, zote pamoja: *Nilikosea. Minyoo ilikuwa yetu wenyewe, si ya Kathini. Kathini ni msafi kuliko mimi. Naomba msamaha mbele yenu wote.*

Kathini alisoma mpaka mwisho, akarudia. Kisha akasukuma mfuko chini ya kiti kwa mguu.

"Wengine wote mnameza tena leo," Phanice akasema, kazi ikimrudia. "Mama Celine, Jumatatu twende kliniki, ni wao watakuambia lini umeze. Mpaka hapo, unaoga kila asubuhi, chupi safi kila siku, mikono kwa sabuni, na hakuna kitu mdomoni kupitia kidole. Mkono ukikosa njia ya mdomo, hao wanakufa wenyewe kwa wiki kama sita. Shuka zifuliwe kwa maji moto, msizikung'ute."

Omolo alikuwa ameshavua aproni. Aliingia chumbani akatoka na shuka amezikunja polepole, kama anabeba kitu kinachoweza kuamka, akaenda nazo kwenye karai.

Trizah alibaki amekaa kati ya vifungo. Mkono wake, kwa mazoea tu, ukasogea kwenye odowa.

Kathini akauwahi. Akalikunja lile gazeti, akalitia mfukoni mwake, na mahali pake akaweka kikata kucha.

"Kwanza kata hizo," akasema. "Mambo ya pole tutaongea mikono ikiwa safi."