Godoro la Sita

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mwenye karakana ya magodoro mwenyewe hakatai. Alivaa koti la harusi yake, kifungo kikagoma kufika tunduni. Akapakia magodoro sita kwenye pikapu, akamchukua mpiga picha, wakaenda zahanati. Kila mwaka alitoa magodoro. Kila mwaka picha mpya ilitundikwa karakanani, karibu na mashine ya kuchambulia pamba, mpaka vumbi likaifuta sura yake.

Godoro la sita alilitandika kwa mikono yake. Mgonjwa wa kulilalia alipoletwa, mpiga picha akashusha kamera. Mgonjwa huyo alikuwa shemeji wa mwenye karakana, mdogo wa mkewe, mwendeshaji wa mashine ile ile ya pamba. Alihema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia begani. Wiki nzima alikuwa akikohoa, na mwenye karakana akimtania kwamba anatafuta likizo.

Mke wa mwenye karakana alikuwa kando ya kitanda cha mdogo wake. Hakumtazama mumewe.

Mwenye karakana akaanza kujitetea. Mtaa mzima, alisema, hakuna anayeisaidia jamii kama yeye. Muuguzi hakubisha. Alivuta kiti.

"Wenye viwanda wa zamani nao walitoa hivyo hivyo, bwana. Walijenga hospitali, shule, hata nyumba za wafanyakazi. Wakasifiwa. Lakini mle ndani mashine zilikata watu vidole, na vumbi likawajaa vifuani. Wafanyakazi wakaungana, wakadai. Zikaja sheria za saa za kazi na usalama. Baadaye wanunuzi na majirani nao wakauliza: kitu hiki kimetengenezwaje? Maji machafu mmeyamwaga wapi? Ndiyo maana siku hizi tunasema wajibu wa kampuni kwa jamii hauanzi na zawadi. Unaanzia pale kazi inapofanyika."

"Mimi nina watu saba tu, dada. Kampuni gani hiyo?"

"Watu saba, vifua saba."

Hapo akanywea. Akauliza afanye nini. Muuguzi akamweleza kwamba barakoa peke yake haitoshi. Vumbi livutwe kwa feni na kutolewa nje kwa bomba. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe kavu. Na anayekohoa apimwe mapema, asitaniwe.

Feni ikanunuliwa. Fundi bati akaunda bomba. Shemeji alipopata nafuu akahamishiwa kwenye kushona, mbali na mashine. Miezi ikapita. Kikohozi cha asubuhi, ambacho wote walikizoea kama kengele ya kuanza kazi, kikapungua, halafu kikawa hakisikiki.

Siku ya kutoa magodoro ilipofika, mpiga picha alikuja na kamera yake. Pikapu tupu. Akacheka, akasema kumbe bosi amefulia, mwaka huu zahanati haipati kitu. Mwenye karakana akaanza kueleza habari za feni na bomba.

Shemeji akamkatiza, bila kuinua hata macho kutoka kwenye sindano.

"Mwaka huu tumewapa kitanda kitupu. Nenda kakipige picha."