Kichwa Kitupu cha Hamida

Jua lilikuwa limeinamia upande wa Kongo Hamida alipoteremka mwambani kuchota chambo. Ilikuwa fainali ya mashindano ya kuvua kwa ndoano, Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Muda unayoyoma, samaki wamegoma.

Aliwadharau washindani wenzake wote. Wanatukana ziwa, wanachungulia ndoo za wenzao. Zaidi alimdharau Leonsi, mvuvi wa hapohapo, aliyekaa jirani yake akitafuna maneno, midomo haitulii.

"Anaroga samaki, mjinga," Hamida alijisemea.

Yeye, binti wa mwenye duka la vipuri Sumbawanga mjini, alivua kwa akili. Alikuwa amejizoeza kukinyamazisha kichwa: asiwaze kombe, asiwaze samaki aliyemponyoka. Abaki na mshipi kidoleni, basi.

Akatulia. Akaanza kufuta mawazo, moja baada ya jingine.

Mawimbi yakaacha kupiga mwamba.

Ikaja harufu... ya tope la chini kabisa, lisilowahi kuona jua.

"Dada Hamida," Leonsi alinong'ona. "Usinyamaze ndani. Mimi nasali hapa ili kichwani pasibaki nafasi ya kuingiliwa. Waza chochote. Waza hata mahindi!"

Hamida akasonya. Kashindwa kuvua, sasa anataka kunivuruga.

Akafuta wazo la mwisho.

Kimya.

*Haya, sogea.*

Haikuwa sauti yake. Na haikutoka nje.

Mikono ikavuta mshipi. Hakuiamuru. Akatoka samaki mnene aina ya kuhe. Mwingine. Mwingine tena... Watu wakapiga vigelegele. Hamida alitaka kulia, mdomo ukatabasamu.

Walipomkabidhi kombe, Leonsi alimvuta pembeni Azizi, kaka yake Hamida.

"Kaka, huyo siye uliyekuja naye. Mpeleke kwa watu wa dini leo leo."

"Kubali kushindwa, mzee," Azizi alimjibu, akamwacha amesimama.

Gari likaanza kupanda kuelekea Matai, njia ya kurudi Sumbawanga. Giza likaingia. Azizi alifungua kioo, akalalamika kwamba samaki wananuka tope.

Hamida alikuwa akimwita. Alimwita kwa nguvu zake zote, Azizi, kaka, simamisha gari! Hakuna kilichotoka mdomoni.

"Lakini umewezaje?" Azizi aliuliza.

"Ni kutulia tu," mdomo ulijibu, kwa upole ambao Hamida hakuwahi kuwa nao. "Mwakani tuje wote, kaka. Nitakufundisha."

Azizi akacheka, akakubali.