Ukoko wa Rukia

Kifasiri kilimeza shairi la mistari minne, kikawasha taa yake ya buluu, na kabla Bwana Mbaruku hajamaliza kuvuta kiti kilikuwa kimeshatoa hukumu: dharau, tisini na moja kwa mia, udanganyifu, saba, mapenzi, mbili.

"Pole, baba," alisema Mhandisi Hiba Semhando. "Mkeo hakuiti. Anakufukuza."

Alisema kwa upole lakini bila shaka yoyote, maana mashine ile aliiunda mwenyewe. Ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo na ilikwisha kusoma mashairi milioni kumi na moja. Ilitenga kila taswira, ikaipima kwa jinsi watu walivyoitumia, kisha ikajumlisha hisia zote zilizomo. Jiji zima la Tanga liliiamini kuliko lilivyowaamini wenyeviti wake wa mitaa.

Serikali nayo iliiamini. Makazi ya Mwezini hayakumpokea mume wala mke ila kwa barua ya mwito kutoka kwa mwenzake aliyeko huko, na ni lazima kifasiri kithibitishe kuwa mwito umetoka moyoni. Zamani watu walirushwa hadi juu wakakuta mlango umefungwa. Rukia, mke wa Mbaruku na fundi wa mabomba ya hewa, alikuwa huko mwaka wa tatu sasa, na shairi lile ndilo lililokuwa barua yake ya mwito. Chombo cha kumpeleka mumewe kilikuwa kinaondoka siku hiyo saa kumi alasiri, na kingine kingekuja baada ya miaka miwili.

Hiba aliligeuza shairi kwenye kioo ili walisome wote wawili.

*Wageni wakapakua, wali mweupe wakala,*
*Chini nikaukwangua, ukoko uliolala,*
*Mgumu na kuungua, ndio wako, njoo kula,*
*Nimeficha, wakijua, watauomba kwa hila.*

"Tazama mwenyewe. Wageni wanapewa kilicho bora. Wewe unapewa cha kukwangua, kigumu, kimeungua. Halafu anaficha, na hila anaitaja. Hakuna hata neno moja tamu hapa."

"Mhandisi, umewahi kula ukoko?"

"Mpishi-chuma wangu hajawahi kuharibika."

Mbaruku alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kweli, nyumba karibu zote za jiji zilipikiwa na mpishi-chuma, aliyeivisha wali kwa mvuke na kuupakua bila punje moja kung'ang'ania chini.

"Basi nijibu hili tu, mwanangu. Kama anachonipa ni takataka, anakificha cha nini? Nani afanye hila ili apate takataka?"

Hiba aliusoma tena mstari wa mwisho. Swali lile hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote, wala yeye hakuwahi kuiuliza mashine.

"Na kwa nini asiandike tu kwamba anakupenda?" aliuliza Hiba.

"Barua akijua itasomwa na wewe, na karani, na hilo kabati lako? Rukia ni mtu wa Pangani, amelelewa. Ya chumbani hayatoi mbele za watu. Anasema ya jikoni, anajua mimi nitaelewa." Akasimama. "Nipe saa mbili na kona ya ua wako."

Alirudi na sufuria, nazi mbili, mchele, na mfuko wa makaa ya kuchomea udi, kwa kuwa makaa mengine hayakuuzwa tena mjini. Alipika polepole, akaupalia wali moto juu ya kifuniko, akakataa katakata kuharakishwa. Harufu ikapanda ghorofani, wafanyakazi wakashuka mmoja mmoja wakijifanya wana shida uani. Wali mweupe ukaliwa ukaisha. Ndipo Mbaruku alipoinamisha sufuria akaanza kukwangua.

Kipande cha kwanza alipewa Hiba. Kilikuwa kigumu, kimekolea tui na chumvi, na kina moshi kwa mbali. Alikitafuna macho yameinama. Kabla hajakimaliza, karani wake Mwasiti, mwanamke asiyewahi kuchelewa kazini wala kuinua sauti, alikinyakua kilichobaki mkononi mwake akakimbilia nyuma ya tangi la maji.

"Umeona?" alisema Mbaruku. "Kwa mama mkwe wangu tuligombana hivyohivyo. Rukia alikuwa akinifichia changu kabatini, chini ya sahani."

Hiba alirudi ofisini akaiuliza mashine neno *ukoko* ililijulia wapi. Lilikuwemo mara elfu sita, na zote zilitoka kwenye malalamiko ya wateja ambao wapishi-chuma wao waliharibika. Yeye mwenyewe, miaka saba nyuma, ndiye aliyeamua kumbukumbu zile zitumike kuifundisha mambo ya jikoni, kwa sababu zilikuwa safi na zimepangwa vizuri. Aliona aibu, na hakujidanganya kuwa ni kitu kingine.

Sheria ilimruhusu kutengua hukumu, ila kwa sharti moja: aandike kwamba kifasiri kimekosea, na akishaandika, barua zote zilizowahi kukataliwa zifunguliwe upya. Aliandika. Saa nane na nusu alitia saini, na Mbaruku akatoka mbio kuelekea kituo cha vyombo, sufuria kwapani, asante yake ameiachia mlangoni.

Barua zilizokataliwa zilikuwa mia tatu na kumi na sita. Hiba hakumwachia Mwasiti kazi hiyo. Ya kwanza ilikuwa na umri wa miaka minne: mwanamume wa Mwezini alimwandikia mkewe kwamba anautamani mchunga wake, mboga ile chungu, hata kama utamtoa machozi. Kifasiri kilisoma chuki, themanini na nane kwa mia. Hiba akapiga simu.

"Bi Somoe? Nakupigia kuhusu barua ya mumeo."

"Ile ya kunikataa?"

"Hakukukataa, mama. Alikuwa anakuita. Mashine yangu ndiyo iliyokosea, na mimi niliyeifundisha."

Upande wa pili kikombe kiliwekwa mezani.

"Huniandikia kila mwezi mpaka leo," alisema Bi Somoe. "Sijafungua hata moja."